Naomba ushauri: benki nyingine wanataka kununua mkopo wangu

Wakuu habari, mi ni mwalimu nna mkopo wa riba 17%, makato 334,000 kwa mwezi, imebaki miaka 3, deni kama milioni 9.4. Sasa afisa mikopo wa benki nyingine kanifata shuleni anasema watalinunua, yaani wao wanalilipa kule kisha mi nawalipa wao kwa riba ya 13%, makato yashuke hadi 189,000 ila muda unaanza upya, miaka 6. Nimepiga hesabu nikibaki namalizia kwa milioni 12 nikihama 13.6, na hapo bado bima ya mkopo! Lakini jamani hiyo 145,000 kila mwezi ndo ada ya mwanangu. Mliowahi kuhamisha, wanakubali 13% hiyohiyo kwa miaka 4? Na benki ya zamani wanakata faini ukimaliza mapema?