Vita vya Iraq na uchaguzi wa 2004

Muulizaji, Mji Mkongwe: Assalamu alaykum. Barazani Jaws Corner, kahawa mkononi, tumebishana: kwa nini vita vya Iraq havikumwangusha Rais Bush wa Marekani uchaguzini mwaka 2004, ilhali silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu ya vita hazikuonekana?

Jibu, Wete: Waalaykumu salaam. Mpinzani wake, John Kerry, aliipigia kura idhini ya vita Oktoba 2002, hivyo kila alipokosoa aligeuziwa kibao. Na magazeti yalichelewa kuhoji, hata New York Times likakiri Mei 2004 kuwa baadhi ya habari zake hazikuchunguzwa vya kutosha. (Lilikiri kwa ustaarabu mno, kwa maoni yangu.)

Jibu, Michenzani: Maalim, Hispania ilikuwa kinyume. Treni za Madrid zililipuliwa Machi 11, serikali ikashikilia kuwa ni kazi ya ETA, kundi la Wabasque lililopigania kujitenga, na siku tatu baadaye ikashindwa uchaguzini. Mshindi, Zapatero, akawaondoa wanajeshi wa Hispania Iraq.