Mchezaji bora wa ligi: tuwaachie wachezaji wenyewe kura?
(Mjadala wa mashabiki wa Lubumbashi, Kongo. Majina yao ni ya mitaa ya mji huo, hata Kenya.)

Wa Kamalondo
Kila mwaka kule Uingereza chama cha wachezaji wa kulipwa, PFA, kinawauliza wanachama wake swali moja: nani amekuwa bora msimu huu? Haulizwi kochi wala mwanahabari wala shabiki. Anaulizwa beki aliyehangaika kumkaba na kipa aliyetunguliwa naye. Tuzo ilianza 1974, na wa kwanza kuipata alikuwa Norman Hunter, beki wa Leeds United. Mwezi wa nane 2025 Mohamed Salah aliichukua mara ya tatu, na mwenye tatu ni yeye peke yake. Waandishi wa mpira wa huko wana tuzo yao pia, ya zamani zaidi, tangu 1948.
Je, kwa Linafoot yetu, ligi kuu ya Kongo, wachezaji wapewe kura kama hiyo? Mimi nasema ndiyo. Mnaopinga leteni hoja, matusi ya Mazembe na Lupopo, timu zetu mbili za Lubumbashi, yabaki uwanjani.

Katuba
Hapana. Angalia 2009. Wakati ule karatasi za kura zilikuwa zinatumwa mapema, msimu haujaisha, na sherehe inafanyika mwezi wa nne. Akashinda Ryan Giggs wa Manchester United, miaka 35. Siku anakabidhiwa alikuwa ameanza mechi 12 tu za ligi. Wenzake walimheshimu kwa maisha yake yote ya mpira, na msimu wenyewe wakausahau. Ile ilikuwa pensheni.

Kampemba
Ongeza 1999. Manchester United wamebeba makombe matatu, Tottenham wamemaliza ligi nafasi ya 11, na mshindi ni David Ginola wa Tottenham! Wachezaji hao walikuwa wanaangalia mpira gani?

Wa Kamalondo
Ndugu, Ginola hakusaidii. Mwaka huohuo waandishi nao walimchagua yeye. Kama ni kosa, walikosea wote.
Tena kosa lenyewe lina maelezo: karatasi ikiwa na nafasi ya jina moja, timu yenye nyota wanne inajigawia kura mara nne, halafu mwenye kung'aa peke yake anapita katikati. Dawa yake inajulikana. Mpiga kura aandike majina matatu, la kwanza pointi 5, la pili 3, la tatu 1. Ndivyo walivyohesabu Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, ilipokuwa chini ya FIFA, 2010 hadi 2015.
Giggs nakubali, pale tarehe iliharibu. Lakini siku hizi matokeo yanatangazwa ligi ikiwa imekwisha, na mnaona: 2022 Salah, 2023 Haaland, 2024 Foden, 2025 Salah. Wachezaji na waandishi wamekubaliana miaka minne mfululizo.

Ruashi
Polepole na hesabu hiyo, yaya. Mwaka 2020 PFA walitangaza mwezi wa tisa, na 2021 mwezi wa sita, zote ligi imeshafungwa. Wachezaji walimpa Kevin De Bruyne mara zote mbili. Waandishi walimpa Jordan Henderson, kisha Rúben Dias. Kwa hiyo kusogeza sherehe hakuleti makubaliano. Cha kuuliza ni siku gani karatasi inaingia mkononi mwa mchezaji na siku gani inatoka. Sherehe hata ifanyike Krismasi.

Mtoto wa Kenya
Miye niko na swali moja. Bachezaji njo banajua mupira, sawa. Sasa juu ya nini bagardien (makipa) habapewe? Tangu 1974 bagardien ni babili tu: Pat Jennings 1976 na Peter Shilton 1978. Kisha pale, hakuna. Ile ni kujua mupira?

Katuba
Umeona? Na waandishi ambao mnawadharau wamewapa makipa wanne: Trautmann 1956, Banks 1972, Jennings 1973, Southall 1985. Mshambuliaji anayenyimwa bao na kipa kila Jumapili hamkumbuki kipa huyo siku ya kura, lakini mtu wa kalamu anamkumbuka.

Ruashi
Hapo ndipo penye utamu, msiparuke haraka. Pangeni washindi watano wa kwanza wa wachezaji: Hunter beki, Colin Todd beki, Jennings kipa, Andy Gray mshambuliaji, Shilton kipa. Wanne kati ya watano ni watu wa kuzuia. Halafu hesabuni miaka yote iliyofuata: mabeki wanne tu (Pallister 1992, McGrath 1993, Terry 2005, Van Dijk 2019), na kipa hata mmoja.
Kwa nini? Miaka ya sabini mechi zilizoonyeshwa televisheni zilikuwa chache. Mchezaji alipiga kura kwa kile kilichompata mwilini: beki aliyemzima dakika 90, kipa aliyemnyima bao mara tatu. Alikuwa shahidi. Leo mchezaji wa kule anaangalia vipande vya mabao kwenye simu kama sisi. Kipande cha sekunde 30 hakionyeshi beki aliyesimama mahali pazuri hata pasi isipigwe. Kura ni ya mchezaji, lakini macho ni ya shabiki.
Kwa sababu hiyo mimi niko upande wa Wa Kamalondo, ila si kwa sababu zake. Mechi nyingi za Linafoot hakuna kamera ya maana. Aliyemwona beki wa kushoto wa timu fulani ni winga aliyecheza naye, basi. Ushahidi huo ukipotea, hakuna kanda ya kuurudisha.

Kampemba
Shahidi asipoogopa. Na jina la timu nalo linapiga kura, tusijidanganye. Msimu wa 2024-25 mwenzetu Yoane Wissa alifunga 19 kwa Brentford. Bryan Mbeumo, timu ileile, 20. Chris Wood wa Nottingham Forest, 20. Kwenye orodha ya PFA ya wagombea sita hakuna hata mmoja wao. Aliingia Bruno Fernandes, ambaye Manchester United yake ilimaliza ya 15, nafasi tano chini ya Brentford.

Wa Kamalondo
Walioingia tena ni Declan Rice na Alexis Mac Allister, viungo wenye mabao machache. Shabiki angeweka wafungaji sita. Bruno... sawa, hiyo nakuachia.

Mtoto wa Kenya
Na kwetu je? 2015 Mazembe banabeba Ligi ya Mabingwa, banapiga USM Alger 2-1 kwabo na 2-0 hapa Lubumbashi. Kisha CAF banatafuta muchezaji bora mwenye kucheza Afrika: Samatta pointi 127, Kidiaba 88. Timu moja, kombe moja, na gardien anakuwa wa pili. Na pale kura ilikuwa ya bakochi na badirekta ba teknike ba mataifa, haikuwa ya bachezaji.

Ruashi
Hoja nzuri, mdogo wangu, na inamgeukia Katuba: makipa wanapunjwa na wapiga kura wa kila aina. Kipa na apewe tuzo yake, tuendelee.

Golf
Mmejadili nani ajue mpira, hakuna aliyegusa karatasi. Tuanze na hesabu. Timu 20, kila moja leseni (vitambulisho vya wachezaji) 30, ni kura 600. Timu moja ikijaza jina moja ni kura 30. Kura 570 zilizobaki zikitawanyika kwa wachezaji 40, wastani ni kama 14 kwa kila mmoja. Timu moja inatosha kumpandisha mtu wake. Kwa hiyo sharti la kwanza: huandiki mwenzako wa timu.
Ukiweka sharti hilo utazaa jingine: timu mbili zinabadilishana, wewe wangu, mimi wako. Hilo huligundui kwa jumla. Unaligundua ukihesabu kila timu peke yake na kubandika matokeo ya kila bahasha, kama PV (karatasi ya matokeo) ya uchaguzi mlangoni mwa ofisi ya kura. Timu A ikitoa kura 27 kati ya 28 kwa mtu wa timu B, na B vilevile kwa mtu wa A, kila mtu ataona.
Pili, majina. Mchezaji akiandika "Kabongo" au "Ilunga" kwa mkono, ni yupi? Kila timu inao wawili, na mmoja amehama katikati ya msimu. Zichapwe karatasi zenye orodha: jina, timu, namba ya jezi, yeye aweke alama. Aliyecheza chini ya nusu ya mechi za timu yake asiwemo kabisa, na habari ya Giggs inaisha hapo.
Tatu, mwandiko. Karatasi 25, kalamu moja, alama zote zimeinama upande mmoja: hizo zimejazwa na katibu wa timu chumbani kwake. Yeye ndiye anayeshika leseni, na mara nyingi primu (posho ya mechi) inapita kwake, nani atamkatalia? Kura ipigwe uwanjani wakati komisa wa mechi anakagua leseni. Leseni moja, karatasi moja, mchezaji anakunja mwenyewe, komisa anafunga bahasha mbele ya makapteni wote wawili.

Katuba
Nimekusoma, na PV naipenda. Lakini misimu ya karibuni ligi imechezwa makundi mawili, kisha play-off, yaani timu za juu za makundi zinakutana. Mchezaji wa Lubumbashi anaweza kumaliza kundi bila kuona nusu ya wachezaji wa ligi. Huyo ni shahidi wa nini? Na 2022-23 ligi ilikatika hata bingwa hakupatikana.

Ruashi
Kila kundi lichague watatu wake. Sita wanaopatikana ndio orodha, na kura ya mwisho wapige wachezaji wa timu za play-off tu, maana hao wamekutana. Ligi ikikatika, tuzo za makundi zinabaki, ya mwisho haitolewi.

Katuba
Na timu iliyokwama mwisho wa kundi? Wachezaji wanatawanyika wiki ileile, wengine hawajalipwa. Leseni zinabaki kwa katibu. Kura zao atapiga nani?

Golf
Katibu. Ndiyo maana bahasha ifungwe siku ya mechi ya mwisho ya kundi, kabla basi halijaondoka.