Kingamwili ya panya dhidi ya G6PD ya binadamu: mistari miwili ya ziada inatoka wapi?

Mwanafunzi wa Uzamili

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Utafiti wangu unahusu G6PD, kimeng'enya ambacho upungufu wake wa aina ya A- ni wa kawaida katika sehemu nyingi za Afrika. Ninakitafuta kwa kingamwili ya monokloni ya panya, katika seli za ini za binadamu ziitwazo HepG2 na katika chembe nyekundu za damu za watu waliojitolea. Katika westani bloti ya kawaida (protini hutenganishwa kwa ukubwa kwenye jeli, huhamishiwa kwenye utando, kisha hutafutwa kwa kingamwili) ninapata mstari mmoja safi karibu na kilodaltoni 59, yaani kipimo cha uzito wa molekuli, kama inavyotarajiwa. Lakini nikianza kwa kukinasa kimeng'enya kwa shanga zilizobeba kingamwili hiyo, kisha nikaitumia kingamwili ileile kwenye utando, inajitokeza mistari mingine miwili minene, mmoja karibu na 50 na mwingine karibu na 25, na ule wa 50 unakaribia kuufunika wa 59. Je, kingamwili yangu inashika protini nyingine? Na nikifanikiwa kupima wingi wa kimeng'enya kwa njia hii, ninaweza kusema kwamba nimepima upungufu wenyewe?

Mkaa Maabara

Ndugu Mwanafunzi, kabla ya kuituhumu protini nyingine, itazame kingamwili yenyewe. Kila molekuli ya IgG, yaani aina ya kingamwili unayotumia, ina minyororo miwili mizito ya takriban kilodaltoni 50 kila mmoja, na miwili myepesi ya takriban 25. Unapochemsha shanga katika kimiminika chenye SDS (sabuni inayokunjua protini) na dawa ya kukata vifungo vya salfa, kingamwili iliyokuwa imeshikilia kimeng'enya huachia, hutengana minyororo yake, na kuingia kwenye jeli pamoja na sampuli. Kingamwili yako ya pili, ambayo kazi yake ni kutambua IgG ya panya, haiwezi kutofautisha ile uliyoiweka kwenye shanga na ile uliyoimwaga juu ya utando, kwa hiyo inazishika zote mbili. Sampuli ya binadamu iliyopakiwa moja kwa moja haina IgG ya panya, ndiyo maana hukuiona mistari hiyo hapo mwanzo.

Thibitisha kwa kupakia shanga na kingamwili bila sampuli yoyote: mistari ya 50 na 25 ikibaki, chanzo chake umekipata. Baada ya hapo, nasa kimeng'enya kwa kingamwili ya sungura na ukitafute kwa ile ya panya. Kama huna ya sungura, tumia kingamwili ya pili inayotambua mnyororo mwepesi pekee, kwa kuwa 25 iko mbali na 59.

Bi. Protini

Ninakubaliana na Mkaa Maabara kuhusu minyororo. Ninachohofia zaidi ni imani tunayouwekea mstari mmoja safi. Tangu Köhler na Milstein walipoonyesha mwaka 1975 jinsi ya kuunganisha seli B za panya na seli za saratani ili kupata kloni zinazotoa kingamwili ya aina moja bila kikomo, tumepata uthabiti mkubwa, kwa sababu kila chupa ya kloni ileile hutambua sehemu ileile ya protini. Lakini uthabiti si usahihi: kama sehemu hiyo inapatikana pia katika protini nyingine, kosa litajirudia kwa uthabiti uleule.

Kwa utafiti wako kuna jambo zito zaidi. G6PD ya A- iliyo ya kawaida zaidi ina mabadiliko mawili, valini ya nafasi ya 68 kuwa methionini na asparajini ya 126 kuwa asidi ya aspartiki. Endapo kloni yako inatambua sehemu iliyo karibu na mojawapo ya nafasi hizo, mstari unaweza kufifia kwa sababu kingamwili imeshindwa kushika, nawe ukadhani kimeng'enya kimepungua. Mwulize mtengenezaji ni kipande gani cha protini walichomdunga panya, kisha linganisha matokeo na ya kloni ya pili inayotambua sehemu nyingine. Katika HepG2 unaweza pia kuipunguza jeni kwa siRNA (vipande vifupi vya RNA vinavyozuia jeni kutengeneza protini yake) na kuangalia kama mstari wa 59 unafifia. Katika chembe nyekundu hilo haliwezekani, kwa kuwa hazina kiini.

Mpima Damu

Nijibu swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa: hapana. Kingamwili inaonyesha kwamba protini ipo, na kwenye westani bloti inaitambua ikiwa tayari imekunjuliwa na SDS na haifanyi kazi yoyote. Upungufu wa G6PD hupimwa kwa utendaji, yaani kasi ya kutengeneza NADPH (molekuli inayozalishwa na kimeng'enya hiki), inayosomwa kwa spektrofotomita kwenye nanomita 340 na kuandikwa kama yuniti kwa kila gramu ya himoglobini.

Kumbuka pia umri wa chembe. Chembe nyekundu iliyokomaa haina ribosomu, hivyo haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya, na kile cha A- huchakaa upesi. Mtu aliyetoka kupata hemolisisi, yaani kupasuka kwa chembe nyekundu, amepoteza chembe zake kuukuu na kubaki na changa, na kipimo chake kinaweza kuonekana cha kawaida ilhali ana upungufu. Ukichukua damu wakati huo, kingamwili na spektrofotomita vyote vitakupotosha, kwa hiyo andika historia ya kila aliyejitolea na uhesabu retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa.

Mwanafunzi wa Uzamili

Ninawashukuru sana. Nitaanza na shanga zisizo na sampuli, na kipimo cha utendaji nitakifanya kwa damu ileile siku ileile. Ombi moja la mwisho: umeme wetu hukatika mara kwa mara, na kingamwili ni ghali. Niihifadhi vipi?

Mkaa Maabara

Soma kwanza karatasi iliyokuja nayo. Kama imewekwa katika gliseroli ya asilimia 50, haigandi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa hiyo iache humo bila kuihamishia kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kama haina gliseroli, igawe mapema katika vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, kwa sababu kuganda na kuyeyuka tena na tena ndiko kunakoiharibu. Na ukitumia kingamwili ya pili yenye peroksidasi (kimeng'enya kinachotoa ishara ya mstari), usitie azidi ya sodiamu katika vimiminika vyako vya kuoshea, kwani huzuia peroksidasi kufanya kazi.