Naombeni ushauri: mkoa unataka mfumo wa wawekezaji, nianzie wapi?

Wakuu, habari za leo. Mimi ni afisa TEHAMA katika mkoa mmoja wa kanda ya kati, huku kwenye alizeti. Nimeagizwa nitengeneze mfumo wa kuhudumia wawekezaji, wengi wao wa viwanda vya kukamua mafuta. Kwa sasa mtu anakuja na barua, anapelekwa halmashauri, halmashauri inamrudisha mkoani, na wiki mbili baadaye hajui barua iko kwenye meza ya nani. Nimewaza tovuti ya kuombea vibali vyote na kulipia humo humo. Bajeti ni ndogo, na naogopa mfumo utakufa siku nikihamishwa. Nisaidieni.

Mchangiaji 1:
Mkuu, usijenge hiyo. Kampuni inasajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kwa mtandao, leseni ya biashara ya halmashauri iko TAUSI (mfumo wa mtandaoni wa halmashauri), malipo yana kumbukumbu namba ya GePG (mfumo wa malipo ya serikali). Ukiongeza dirisha lako, mwekezaji atajaza taarifa zilezile upya. Tena Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ipo, kwa hiyo onana na e-GA (Mamlaka ya Serikali Mtandao) kabla hujatumia hata shilingi.

Mchangiaji 2:
Nina kiwanda kidogo cha kukamua. Fomu hazikunisumbua, ardhi ndiyo iliyonitesa. Nilioneshwa eneo, nikalipa wapimaji, kumbe lina mgogoro na wanakijiji. Miezi saba ilipotea, na msimu wa alizeti ukapita. Tuwekee ramani ya maeneo yaliyotengwa: ukubwa, limepimwa au bado, ni ardhi ya kijiji au ya jumla (isiyo ya kijiji wala ya hifadhi), umeme wa njia tatu uko umbali gani, lori linafika mvua ikinyesha? Hayo tu yangeniokoa.

Mchangiaji 3:
Hilo la ardhi ya kijiji liandike kwa herufi kubwa. Asiye raia hamilikishwi, lazima ihawilishwe kwanza iwe ardhi ya jumla, na wanakijiji wasikilizwe. Kuhusu barua, kila inayopokelewa ipewe namba, na mwenyewe atumiwe ujumbe wa simu inapohama meza. Wengi hawana haja ya tovuti kwa hilo.

Mleta uzi:
Asanteni sana, vibali naviacha. Ila orodha ya viwanja wanayo maafisa ardhi wa halmashauri, na si wote wanaopenda kuitoa. Nifanyeje?

Mchangiaji 1:
Barua itoke kwa Katibu Tawala wa Mkoa kwenda kwa wakurugenzi, itaje nani anahuisha ramani na kila baada ya muda gani. Wewe anza na halmashauri moja iliyo tayari.