Klipu ya mikono myeusi imeniharibia biashara ya korosho Mtwara, naanzia wapi?

MamaMikindani:
Wadau habari za saa hizi. Nina kiwanda kidogo cha kubangua korosho huku Mikindani, wabanguaji ni akina mama wa hapahapa mtaani, tunafungasha na kuuza stendi ya Mkanaledi na maduka ya mjini, mzigo mwingine unapanda basi kwenda Dar. Sasa kuna TV moja ya mtandaoni ilimtuma kijana, akajieleza vizuri tu kwamba anataka habari ya wanawake na ajira, nikampokea, akapiga picha zake akaondoka. Kilichorushwa ni mikono ya akina mama ikiwa myeusi tii na maandishi makubwa KOROSHO UNAZOKULA ZINAANDALIWA KWENYE UCHAFU HUU, na jina la kiwanda linaonekana ukutani. Kuhusu usafi hakuniuliza swali hata moja!

Mtu wa huku anajua ule weusi ni mafuta ya ganda, yakishashika kwenye ngozi sabuni haitoi, na usipovaa glavu au kujipaka mafuta au majivu yanakuunguza mpaka unachubuka. Na wanaopasua ganda sio wanaomenya ngozi laini wala wanaofungasha, ni vyumba tofauti. Lakini mteja wa Dar atajuaje? Duka letu kubwa kule limesimamisha oda, stendi abiria wanauliza "hizi sio zile za kwenye video?" na kuna mama mmoja hataki kurudi kazini kwa sababu wanawe wanachekwa shuleni, hili ndo linaniuma kuliko hela. Wengine wananiambia niende polisi, wengine nibadilishe jina nianze upya, wengine nimlipe mtu maarufu anisifie. Nisaidieni.

RedioKusini:
Pole sana dada. Nimefanya redio huku kusini kwa hiyo niseme upande huo. Polisi achana nao, kashfa kwenye Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliondolewa kwenye jinai kwa marekebisho ya 2023, ikabaki madai, na ukifungua madai sasa hivi kila kesi ikitajwa klipu inarudi midomoni mwa watu. Andika barua kwa mhariri, sio meseji kwa yule kijana. Taja tarehe iliyorushwa, taja neno kwa neno lipi sio kweli na kwa nini, omba warekebishe na wakupe nafasi ya kujibu yenye uzito uleule waliokupa wakikuchafua. Usiweke tusi hata moja humo. Wakinyamaza kuna Baraza la Habari Tanzania, lipo tangu 1995 na kazi yake mojawapo ni kusuluhisha malalamiko kama haya, na kama TV yenyewe ina leseni basi iko chini ya TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano, wana Kamati ya Maudhui. Ila kote huko utaulizwa kwanza kama ulishalalamika kwa chombo chenyewe, kwa hiyo tunza nakala ya barua na uihifadhi ile klipu leo, kesho wanaweza kuifuta ukabaki huna ushahidi.

DukaLindi:
Mwanangu, barua andika lakini mteja wangu hatoisoma. Mimi nauza korosho Lindi mjini, mtu akishika pakiti anauliza mbili tu, hizi za nani na zimekaguliwa? Jina usibadilishe kabisa, Mtwara yote inajua kiwanda ni chako, ukibadilisha utakuwa umewapa jibu kwamba klipu ilisema kweli. Nenda TBS, shirika la viwango, ofisi yao ya kanda ya kusini iko hapohapo Mtwara, omba waje wakague sasa, maana karatasi ya kabla ya klipu mtu atasema ilikuwa zamani. Na kama bado unatembea na kibali cha TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, mambo ya chakula yalishahamia TBS tangu 2019. Ukiwa mjasiriamali mdogo pitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza wakuelekeze. Halafu ukishapata majibu usitume picha WhatsApp, njoo mwenyewe dukani na karatasi na mzigo, kaa na mimi tufungue pakiti tule. Mwenye duka akikuamini anakutetea kwa wateja hata wewe ukiwa umelala.

KijanaMasasi:
Naunga mkono, na hela ya mtu maarufu usitoe, watu wanajua kalipwa. Piga video yako ya simu tu, ianze na ile mikono myeusi yenyewe, usiifiche, mama mbanguaji aeleze mafuta ya ganda ni nini halafu kamera ifuate korosho moja toka ghafi mpaka pakiti. Komenti mbaya usifute, zijibu.

Mbanguaji_Newala:
Nimebangua tangu nikiwa binti kwa hiyo naomba niseme ambalo hamjalisema. Watu wakishaelewa kwamba sio uchafu wataona kwamba hiyo mikono imeungua, na swali litakalofuata ni kwa nini hawana glavu, hapo dada utajibu nini? Zungumza na wenzangu kwanza kabla ya kamera yoyote, wao ndo walioaibishwa hadharani, na anayekataa kuonekana asionekane wala asikatwe siku yake.

MamaMikindani:
Asanteni sana, da Newala umenigusa penyewe. Glavu nanunua lakini zile nyepesi zinachanika haraka na wanasema zinawachelewesha, malipo ni kwa kilo, kwa hiyo wanazivua. Leo nimekaa nao, tumekubaliana tujaribu zile nzito na kipindi cha kuzizoea nitawalipa kwa siku sio kwa kilo. Yule mama aliyeacha nimemfuata kwake, atarudi ila chumba cha kufungasha, kwenye video hatokei na sitamuomba tena. Barua kwa mhariri naipeleka kesho kwa mkono, nagongesha muhuri nakala yangu, TBS naenda hukohuko. Mama wa Lindi nikishapata majibu nakuja, nielekeze duka liko upande gani ukishuka stendi.

DukaLindi:
Ukifika stendi nipigie, nakutumia namba inboksi. Njoo na pakiti za nusu kilo, ndo zinazotoka sana kwangu.