Alamu ya friji ya chanjo inalia ovyo, niisetije?

mama_kliniki
Habari zenu wakuu. Nasimamia friji ya chanjo kwenye zahanati huku kijijini, tumeletewa kile kifaa cha kurekodi joto chenye laini ndani, joto likitoka nje ya nyuzi 2 hadi 8 kinatuma meseji. Sasa siku ya kliniki, akina mama wamejaa, tukifungua mlango mara tatu nne tu simu inaanza, 8.3, 8.6, 8.1, meseji juu ya meseji mpaka mganga mfawidhi kaitoa namba yake. Kimesetiwa kirekodi kila dakika 1 na alamu inatoka hapohapo. Nikipandisha kikomo cha juu kiwe 10 kuna ubaya?

fundi_baridi
Dada hiyo 8 usiiguse kabisa. Tatizo lako ni muda wa kusubiri, ingia kwenye menyu ya alamu utakuta sehemu imeandikwa Delay, yako itakuwa 0. Vile vifaa vinavyorekodi joto la siku 30 vinavyofuata vigezo vya WHO alamu ya juu inatoka joto likizidi 8 kwa saa 10 mfululizo, ya chini ikifika -0.5 kwa dakika 60. Ona tofauti hiyo, haijawekwa kwa bahati mbaya. Joto linaila chanjo polepole, lakini chanjo kama Penta, PCV, HPV au ya pepopunda ikiganda mara moja tu imekwisha, na kibandiko cha VVM, kile cha kwenye kichupa cha chanjo kinachobadilika rangi, hakikwambii kitu kwa sababu chenyewe kinaonyesha joto tu. Kwa hiyo alamu ya baridi ndiyo ya kukuamsha usiku. Kama unataka kujua mapema, weka onyo la pembeni la saa 1 juu ya 8 lije kwako peke yako, hiyo ya saa 10 iende kwa mganga na wilayani.

jamaa_wa_data
Niongezee hapo, hiyo dakika 1 punguza. Ni rekodi 1,440 kwa siku na betri inaisha bure, weka dakika 10, unapata 144 na zinatosha kabisa. Halafu kurekodi na kutuma ni vitu viwili, watu wengi wanavichanganya, rekodi kila dakika 10 ila data zitumwe mara moja kila baada ya saa kadhaa, alamu tu ndiyo itoke papo hapo. Cheki na saa ya kifaa, vingi vinakuja na saa za UTC, yaani saa za kimataifa zilizo nyuma yetu, tukio la saa 4 usiku ripoti inaandika 19:00 mnaanza kumlaumu mtu wa zamu ya jioni. Ongeza masaa 3.

mama_kliniki
Aisee hiyo ya saa nimeiangalia sasa hivi, kweli iko nyuma masaa 3 😅 Sensa yenyewe mafundi waliining'iniza juu karibu na mlango, ni sawa?

fundi_baridi
Hapo ndipo penye ugonjwa! Inapima hewa ya mlangoni, haipimi chanjo. Ipeleke katikati kwenye chanjo zenyewe, isiguse ukuta wa nyuma kwenye ubaridi, na kama ilikuja na kichupa cha glaikoli (kimiminika kinachobadilika joto polepole) itumbukize humo ili isishtuke kila mlango ukifunguka. Waya upite upande wa bawaba na uhakikishe mpira wa mlango unabana. Ukimaliza jaribu: weka dilei dakika 1, toa sensa uishike mkononi usubiri meseji ifike kwa wote, kisha rudisha dilei na uandike kwenye daftari la friji kuwa ilikuwa majaribio, msimamizi asije akasema chanjo zimeungua.

koldicheni_pwani
Na vocha je? Bando likiisha kifaa kinanyamaza na nyinyi mnadhani mambo shwari. Washa meseji ya kila siku ya kuonyesha kiko hai, iwekee saa 2 asubuhi, isipokuja nenda kaangalie laini na umeme. Pia alamu ya umeme kukatika iwe na muda wake, dakika 30 hivi, la sivyo huku kwetu utapokea meseji mpaka uchoke.

mama_kliniki
Asanteni sana. Namba ya usiku nafikiria mlinzi maana yeye ndiye yupo pale, ila ana kitochi.

jamaa_wa_data
Kitochi kinapokea meseji vizuri tu. Kama kifaa chako kina uwezo wa kupiga simu, kwa mlinzi weka ipige.