Viazi vya oveni kwa Krismasi: vya krimu, vya kupondwa, vya mchuzi mweupe au vya nazi?

SufuriaMbili (South B)

Wadau wa jikoni, naomba tulinganishe kabla soko halijafurika. Watu ni 12, chakula cha mchana tarehe 25 Desemba. Mezani kutakuwa na pilau, kuku wa kuoka, mbuzi choma, chapati na kachumbari, kwa hivyo viazi ni vya kuandamia tu. Oveni ni moja, ya gesi, na kuku ameishika hadi saa sita. Tunataka kula saa saba, lakini mnajua wageni wa Krismasi: saa saba huweza kuwa saa tisa.

Nimebaki na njia nne: vipande vyembamba vya viazi vibichi ndani ya krimu na jibini, viazi vya kupondwa kisha kuokwa, vipande vya kuchemshwa vyenye mchuzi mweupe na kornflakesi juu, au viazi vya nazi vikimalizikia kwenye oveni. Nataka kujua ni ipi inayovumilia kungoja, ipi inakula muda wa oveni, na ipi inaharibika kwa viazi vya hapa kwetu.

WaruNyandarua

Kabla ya pishi, tazama kiazi. Nairobi ukisema "viazi" bila kuongeza neno, iwe Marikiti au Kangemi, mara nyingi utapewa Shangi. Kinaiva haraka na kinavunjika laini, kwa hivyo kwa kuponda hakina mpinzani. Kwa vipande vinavyotakiwa kubaki na umbo kinasumbua: kingo hurojeka kabla ya katikati kuiva, hasa maji yakichemka kwa fujo. Ukimpata muuzaji mwenye Unica, kile chenye ngozi ya wekundu, chukua hicho kwa njia ya krimu au ya mchuzi mweupe.

Shangi huchipua upesi, kwa hivyo usinunue gunia mwanzoni mwa Desemba. Nunua siku mbili tatu kabla, uweke gizani penye hewa. Usiweke kwenye friji. Baridi hugeuza wanga kuwa sukari, na viazi vya namna hiyo huwa vyeusi juu wakati ndani bado. Vile vilivyoanikwa juani kando ya barabara hadi vikawa kijani, kata kijani chote kwa kina. Kama kimeenea, tupa kiazi. Sumu yake ni solanini na moto wa kupikia hauiondoi.

Kiasi: kwa kuwa kuna pilau na chapati, gramu 150 za viazi vilivyomenywa zinamtosha mtu mmoja. Hiyo ni kilo 1.8. Nunua kilo 2.3, maana kisu hula sana kwenye macho. Muuzaji akikupimia kwa ndoo, pima tena kwa mizani nyumbani, kwa sababu vipimo vyote mtakavyopewa hapa vinategemea uzito. Kilo 1.8 inajaa vizuri kwenye bakuli la oveni la sentimita 33 kwa 23, lenye kina cha sentimita 5 au zaidi.

Kungumanga

Nianze na vya krimu, maana ndivyo vitamu kuliko vyote vikikubali, na ndivyo vinavyowaangusha wengi Nairobi.

Kwa kilo 1.8: krimu nusu lita, maziwa yenye mafuta yote nusu lita, chumvi vijiko vitatu vya chai (viwili na nusu ikiwa jibini ni la chumvi nyingi), kitunguu saumu punje 4, kungumanga robo kijiko cha chai, pilipili manga, jibini la cheddar gramu 200. Kata vipande vya milimita 3, vyote unene mmoja. Vikitofautiana, vingine vitakuwa uji na vingine vitagugunika. Usivioshe baada ya kukata! Wanga ule unaonata vidoleni ndio utakaofanya krimu iwe nzito. Ukiosha, utapata viazi vinavyoelea kwenye maziwa.

Sasa, kwa nini vinawaangusha. Maelekezo mengi mtandaoni yameandikwa na watu wa karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Krimu ndani ya bakuli haiwezi kupita hapo, hata ukipandisha oveni hadi 220. Unachopata kwa kupandisha ni kuunguza juu. Kwa hivyo ukiambiwa "saa moja", hesabu dakika 75 hadi 90 kwa nyuzi 175. Dakika 50 za kwanza zifunikwe foili, kisha funua, nyunyiza jibini na uache juu pageuke rangi ya dhahabu. Maelekezo yakisema 350 ni vipimo vya Marekani, yaani karibu 177 vya kwetu.

Kukatika kwa maziwa ndilo tatizo la pili. Mafuta na wanga ndivyo vinavyozuia, kwa hivyo maziwa yaliyotolewa mafuta peke yake hukatika na kuacha chembechembe kama mala iliyopashwa moto. Maziwa ya kupima kwenye mashine ya mtaani ni mazuri, ila chemsha kidogo kwanza kwenye sufuria ndogo. Yakikatika hapo, yameanza kuchacha, na oveni haitayasamehe.

Viazi vikitoka, viache dakika 15 kabla ya kugawa. Moto moto krimu hukimbia sahani nzima.

MwikoWaMti

Kungumanga amesema vyema, lakini soma tena alichoandika SufuriaMbili: oveni ina kuku hadi saa sita. Dakika 90 kuanzia saa sita ni saa saba unusu, na bado robo saa ya kupumzisha. Njia hiyo imeshindwa kwa saa tu, hata kabla ya kuonja.

Kura yangu ni vya kupondwa na kuokwa. Vinapikwa jioni ya tarehe 24, vinalala kwenye friji, na vinaingia oveni kuku akitoka. Kuku mwenyewe anahitaji kupumzika nusu saa kabla ya kukatwa, kwa hivyo hakuna muda unaopotea.

Chemsha kilo 1.8 ya vipande vya sentimita 4, ukianzia maji baridi yenye chumvi, gramu 10 kwa lita. Ukivitia kwenye maji yanayochemka, nje huiva na kumomonyoka huku ndani kukiwa kugumu. Vikiiva, mwaga maji, rudisha sufuria kwenye moto mdogo dakika mbili, utikise hadi mvuke upungue. Hatua hii watu huiruka, halafu wanashangaa kwa nini viazi ni majimaji. Ponda vikiwa vya moto. Tia siagi gramu 120 kwanza, uchanganye, ndipo maziwa ya moto mililita 250. Siagi hufunika wanga, na maziwa yakija baadaye hayaufanyi unate. Kisha mtindi mzito usio na sukari gramu 200, viini viwili vya mayai, kitunguu majani kilichokatwa laini, chumvi kwa kuonja.

Usitie kwenye blenda kamwe. Visu hupasua chembe za wanga na unabaki na gundi, na gundi hairudi kuwa viazi. Tumia kipondeo, au mwiko na nguvu za mkono.

Bakuli lililotoka friji: lifunikwe, nyuzi 190, dakika 25, funua, nyunyiza jibini gramu 150, dakika 20 nyingine. Choma kisu katikati, uhesabu sekunde tano, uguse kwa mdomo: lazima kiwe cha moto kabisa, si vuguvugu. Wageni wakichelewa, zima oveni, funika kwa foili uliyoitoboa matundu, uache humo. Saa nzima haviharibiki, na ndiyo sababu nakuambia hivi na si vya krimu, ambavyo mafuta hujitenga pembeni vikikaa sana.

DadaWaUmoja

Naongezea neno kuhusu hotpoti, maana Nairobi kila nyumba inayo. Ni nzuri kwa pilau na chapati, si kwa viazi vya oveni. Mvuke hurudi juu na ule ukoko wa jibini unakuwa laini kama ngozi ya maziwa. Viache kwenye bakuli lake.

Na siagi iwe siagi. Majarini ina maji na harufu yake hujitokeza sana kwenye viazi vya kupondwa. Kwenye mchuzi mweupe inaweza kupita, lakini hapa hapana.

JikoPwani

Naona vya nazi havijapata wakili. Ikiwa kati ya wale 12 kuna hata wawili ambao maziwa huwasumbua tumbo, hii ndiyo njia, na inakaa na pilau kuliko krimu yoyote. Krimu na pilau ni mafuta juu ya mafuta. Nazi na pilau ni ndugu.

Nazi mbili zilizokomaa. Zikune, ukamue tui zito karibu mililita 400, weka kando; ongeza maji ya vuguvugu ukamue tui la pili mililita 600. Vipande vya viazi viwe milimita 5, vinene kuliko vya krimu. Pika ndani ya tui la pili pamoja na kitunguu saumu, tangawizi, manjano nusu kijiko cha chai, pilipili mbichi mbili zilizopasuliwa na chumvi, moto mdogo, hadi kisu kiingie kwa kukaza kidogo. Panga kwenye bakuli, mwagia tui zito juu, oveni nyuzi 180 kwa nusu saa.

Mambo mawili ya kuchunga. Tui lolote likiwa mekoni, usiliache litokote kwa nguvu bila kulizungusha. Litakatika na mafuta yataelea. Pili, ndimu iwekwe mezani, isiingie sufuriani. Uchachu wa ndimu hulikata tui, na pia huvifanya viazi vikatae kulainika hata ukivipika hadi jioni. Kwa sababu hiyo hiyo, usitie nyanya mapema.

Kungumanga

MwikoWaMti ana haki kuhusu saa, lakini vya krimu vina njia ya mkato ambayo JikoPwani ameitaja bila kukusudia: kuanzia mekoni. Weka maziwa, krimu, chumvi na kitunguu saumu kwenye sufuria nzito, tia vipande, acha vitokote polepole. Unica dakika 10 hivi, Shangi 6 au 7. Usikoroge kwa mwiko, tikisa sufuria, na uangalie chini pasishike. Kisha mimina kwenye bakuli na uoke dakika 35 hadi 40. Kuku akitoka saa sita, unakula saa saba. Vipande havitakuwa nadhifu kama vya kuoka moja kwa moja, lakini ladha haipungui.

Kwa Shangi, lakini, nakubali: kuponda ni salama zaidi.

MwikoWaMti

Hapo tumekutana.

DadaWaUmoja

Kuhusu mchuzi mweupe, ambao hakuna aliyeugusa: siagi gramu 75, unga wa ngano gramu 75, pika dakika mbili bila kubadilika rangi, ongeza maziwa lita 1.2 kidogo kidogo ukipiga. Unga usiwe ule uliochanganywa hamira ya unga. Ondoa motoni ndipo utie jibini gramu 200. Likichemka linajikunja na kuwa na chembe. Changanya na vipande vya viazi vya sentimita moja na nusu vilivyochemshwa, oka dakika 30 kwa nyuzi 180.

Unga unaushika mchuzi, kwa hivyo haukatiki hata wageni wakija saa tisa, na gharama ni ndogo kwa sababu hakuna krimu. Ila ni mzito tumboni, na penye chapati na pilau mimi ningeuacha. Kornflakesi, gramu 100 na siagi ya kuyeyushwa gramu 40, zinyunyizwe dakika 15 za mwisho. Zikitangulia zinalowa.

SufuriaMbili (South B)

Asanteni sana. Ni Shangi nitakachopata, kwa hivyo ni vya kupondwa, na bakuli dogo la vya nazi kwa wasiotumia maziwa. Maswali mawili: bakuli langu ni la kioo, je, litoke friji liingie oveni moja kwa moja? Na stima au gesi ikikatika siku hiyo?

MwikoWaMti

Kioo kisitoke friji kuingia kwenye oveni ya moto, kinaweza kupasuka. Kitoe saa tano, kikae mezani saa moja. Pia usikiweke juu ya sinki lenye maji kikitoka kwenye moto.

JikoPwani

Gesi ikiisha, palia makaa. Bakuli liwe la bati au alumini, si kioo. Chukua sufuria kubwa nzito, weka vijiwe vitatu chini ili bakuli lisiguse kitako, funika kwa mfuniko wa bati, moto mdogo chini na makaa mengi juu. Vya kupondwa huwa tayari kwa dakika 40 hivi, lakini funua ukiwa umefika 25 utazame juu, maana makaa ya juu huunguza upande mmoja. Zungusha mfuniko nusu duara kisha endelea. Na jiko likae nje au barazani, wala usilifungie jikoni: moshi wake usioonekana huua.